Piano ya Saa Mbili

Mdogo wangu mpendwa,

Mimi kaka yako nina miaka themanini na mbili. Nimezika mke, nimezika mabosi watatu, na misumeno minne ya kupasua mbao imenifia mkononi huku vidole vyangu vyote kumi ninavyo. Kwa hiyo mimi mzima. Wewe mgongo vipi? Shemeji yangu na watoto hawajambo?

Najua umenuna. Jioni tatu umeningoja na gari pale kona unirudishe nyumbani kwangu, jioni tatu sikutokea, nikakuletea salamu kwamba binti yangu amenifungia.

Hapa kwake nafugwa kama kuku wa mayai. Dirisha lina nondo, chai haina sukari, nikikohoa tu napimwa. Nilimwambia mwanangu mimi si mgonjwa wake wa wodini, akanijibu eti wale wana adabu kunishinda. Saa mbili kamili ananilaza, anaweka simu kwenye stuli ipige piano, muziki wa kizungu wa zamani, hauna hata mwimbaji. Anasema unatuliza akili. Nikamwuliza akili yangu imegombana na nani. Akacheka, akaenda kupiga pasi sare yake. Muziki ukiisha, saa tatu, ndipo anafunga geti.

Umesoma vizuri? Saa nzima geti liko wazi. Sasa ukweli, na usimwambie mtu: hakunifungia. Siku zote tatu nilijilaza na viatu miguuni, nikingoja aanze pasi. Sikio langu unalijua. Miaka arobaini lilisikiliza msumeno. Ukibadili sauti tu, nazima kabla haujala mkono wa mtu. Hata kitandani lilikuwa halilali, na tangu shemeji yako afariki ndiyo kabisa. Basi nikaisikiliza na hiyo piano, nione itakwama wapi. Haikwami, mdogo wangu. Inakwenda tu, taratibu, haina mkono inaoutaka. Kuja kushtuka, asubuhi.

Kesho jioni njoo tena. Safari hii nitakaa kwenye kiti, mgongo wima. Usiponiona hadi saa tatu, nenda zako, na usinicheke mbele ya watoto.

Wasalimie wote hapo.

Ni mimi kaka yako, fundi msumeno mkuu.

Shahidi wa haya ni binti yangu. Asubuhi zote tatu nimekuta viatu vyangu chini ya kitanda, vimepangwa, vimepigwa brashi, naye hajaniuliza neno.