Mtu wa Thelathini na Moja

Jumapili, 9 Februari 2025
Tumemzika mume wangu William jana. Leo nimefua shuka zote kwa klorini. Wifi Eliza kanisimamia. Yeye ni nesi wa kambi ya kipindupindu, ndiye aliyemuuguza kaka yake mpaka mwisho. Sijalia. Watu wananitazama, wanangoja.

Amri ya wilaya: watu thelathini tu ndani ya nyumba ya ibada, hata kukiwa na msiba. Mama mkwe jana katoka kijijini kwake Lipingo alfajiri, pikipiki ikapata pancha. Alipofika tulishatimia. Mzee Erasmo, mzee wa kanisa, alikuwa mlangoni, mgambo pembeni yake. Akamwambia, samahani mama. Ndani hakuna aliyejua. Mama akasikiliza mwanawe akiombewa kupitia dirisha.

Jumanne, 18 Februari
Mama hajarudi Lipingo. Tunaongea habari za chakula tu.

Padri Aidan kaja. Makanisa yanakwenda mahakamani Songea kupinga amri, sisi Waanglikana na Wakatoliki pamoja. Minada inaendelea, kasema, mialoni kwenye samaki watu wamejaa, kanisani tu ndiyo thelathini. Anataka mama awe shahidi.

“Nitaulizwa nini?”

“Yaliyotokea tu, mama.”

Kakubali. Nilikuwa nachambua dagaa. Nikaendelea kuchambua.

Alhamisi, 6 Machi
Eliza kaja jioni, bado na sare. Naye ameitwa Songea — upande wa serikali. Kakaa mbali na mama yake.

Kasema kabla ya amri watu walijazana kwenye msiba wa jirani, wakala pamoja, wiki ileile kambi ikafurika. “Mama, kaka aliupata kwenye msiba ule.”

Mama kajibu: “Mimi sikuomba kula. Niliomba kuingia.”

Nikawapakulia wote wawili. Hakuna aliyekula. Sina upande. Nimechoka tu.

Jumatatu, 24 Machi
Songea na kurudi. Mahakamani tumekaa muda mfupi kuliko kwenye basi.

Wakili wa serikali kasimama: amri imeondolewa Ijumaa, hakuna mgonjwa mpya, kesi haina kazi tena. Wa makanisa kasema inayo, amri kama ile inaweza kurudi wakati wowote. Jaji ataamua baadaye kama iendelee au ifutwe. Mama hakuitwa. Alikuwa amevaa sare yake ya Umoja wa Akina Mama, kaipiga pasi mwenyewe.

Kwenye korido kamuuliza wakili wetu, “Basi mimi sisemi?”

“Bado, mama.”

Eliza kamletea maji ya chupa. Kayapokea, hakuyafungua. Ila kwenye basi alilala begani kwa Eliza mpaka Mbinga. Mimi nilitazama mibuni. Mingi.

Jumapili, 30 Machi
Kanisa limejaa leo, hata madirishani. Mama kaongozana nami mpaka kwenye ngazi, akasimama.

“Tuingie, mama. Pamefunguliwa.”

“Ingia wewe. Wamefunga bila kuniuliza, wamefungua bila kuniuliza. Nitaingia nikishasikilizwa.”

Mzee Erasmo akaja, akamwomba msamaha kwa Kinyasa chetu, taratibu, kofia mkononi. Mama akamwitikia vizuri kabisa. Hakusogea. Akaketi kwenye ngazi.

Wimbo wa kuingilia ukaanza. Nilitaka kuingia. Nikajikuta nimeketi naye. Ngazi zilikuwa na maji ya mvua, gauni likalowa mpaka mwilini, baridi. Niliisikia. Siku nyingi sijasikia kitu.

Kwenye mahubiri Eliza akatoka ndani, akaketi upande wa pili wa mama. Hakuna aliyemwuliza kitu.

Watu walipomaliza kukomunika, Padri Aidan akatoka nje na sahani ya mkate wa komunyo, kanzu ikiburutika kwenye tope. Akasimama mbele ya mama. Ndani vichwa vyote vimegeukia mlangoni.

Mama hakunyoosha mikono. Padri hakuondoka.