Chai ya Bibi Imepoa

Jumatatu, 2 Juni

Leo Oldeani, chini ya mashamba ya kahawa. Chai, chai, chai. Kila nyumba mambo ni yaleyale. Hodi, dada Gladness anaeleza, mimi natafsiri Kiiraqw, mwenye nyumba anajimiminia. Akitaka kupiga fundo la kwanza tunachomeka kipimajoto kwenye kikombe chake. Namba naingiza kwenye kishikwambi. Kisha maswali. Unapikia kuni au gesi. Pombe je. Ugoro je. Nani kwenu aliwahi kushindwa kumeza. Asante, twende kwa jirani.

Gladness ni mtafiti, katoka Moshi, ana digrii mbili na hawezi kupita matope ya Oldeani bila kushika shati langu. Mimi nilikomea kidato cha pili. Lakini pikipiki ni yangu, lugha ni yangu, na njia zote zimo kichwani. Bila mimi mradi unalala. Nimemwambia hivyo. Kasema bila mradi mimi bado naosha Landkruza za watalii pale mjini. Kweli. Ila hakuwa na haja ya kusema.

Jumatano, 4 Juni

Manyunyu. Baridi ya kukata masikio. Nimemuuliza mbona tunapima chai badala ya kupima watu. Kafungua ramani. Kila nyumba ni nukta. Chai ya moto sana, nukta nyekundu. Ya vuguvugu, kijani. Juu yake kaweka ramani nyingine: walikotoka wagonjwa wa saratani ya umio, lile bomba la chakula. Zamani rekodi za kila hospitali zililala kwenye kabati lake. Sasa kompyuta inazisoma zote pamoja na kuuliza kwa nini hapa, kwa nini si pale. Hawajasema chai ndiyo mchawi. Labda moshi, labda pombe, labda vyote. Ndiyo maana tunagonga milango.

Nimejifanya sijashtuka. Huku kwetu mtu anaacha ugali, anahamia uji, anahamia maji, kisha tunachimba kaburi. Wakubwa walisema karogwa. Sikujua kuna mtu anahesabu.

Jumapili, 8 Juni

Buger, baada ya misa. Zamu ya Bibi, aliyenilea tangu nikiwa wa kubebwa. Kanipokea kama kawaida yake: "Mume wangu, umeniletea mke mwenza?" Gladness kacheka mpaka miwani ikateleza.

Bibi hunywa chai ikiwa bado inatokota. Anaipuliza mara moja, kwa heshima tu. Kipimajoto kimepanda mpaka Gladness kakitoa, kakifuta, kakichomeka tena, akidhani kimeharibika. Hakijaharibika. Nukta nyekundu kuliko zote za Buger. Gladness kamshauri aiache ipoe. Bibi kasema chai ya vuguvugu ni ya kuogeshea mtoto.

Wakati wa kuaga nimemnong'oneza kwamba yeye ni namba moja. Haikuruhusiwa. Lakini alivyofurahi!

Jumapili, 15 Juni

Bibi kajitangaza kanisani. Mama Bura, jirani yake, anasema kipimajoto kilimwonea na anataka apimwe upya. Habari zimemfikia Gladness. Nimechambwa mbele ya kijiwe kizima cha bodaboda. Habari za mtu ni siri yake, Paskali, hata kama ni bibi yako, hata kama ni chai tu. Ndiyo maana nyumba zina namba badala ya majina.

Nimeelewa. Kweli nimeelewa. Ila bingwa ni wa kwetu.

Alhamisi, 19 Juni

Endulen, kwa gari la mradi. Mkalimani wa Kimaasai ni jamaa wa hukohuko, kwa hiyo leo mimi abiria. Vijana wa bomani wamenionyesha jinsi ya kunywa chai ya maziwa ya moto bila kukunja uso. Nimejaribu. Ulimi umebabuka. Nikasema tamu. Gladness kanicheka njia nzima, tangu Endulen hadi geti la hifadhi.

Jumanne, 5 Agosti

Mzunguko wa pili. Nyumba zilezile, tuone kama kuna kilichobadilika.

Mama Bura alikuwa anatungoja na chai inayofoka kama rejeta ya lori bovu. Kajiunguza mdomo. Gladness ikabidi aandike pembeni kwamba namba hii ni ya mashindano. Kisha kaniangalia. Nikaangalia kuku.

Kwa Bibi, kijani. Kamimina, kaweka kikombe chini, kaongea habari za mahindi, za kuku, za padri mpya, ndipo akanywa. Kijani kabisa. Gladness kamkumbatia. Watu wanabadilika, Paskali, umeona? Nikajipiga kifua. Nani alimfundisha? Mimi. Nimejisifu mpaka Karatu.

Polisi, mbwa wetu, amenenepa. Nimemtania Bibi kwamba anamlisha kama ng'ombe wa maziwa. Hakunijibu. Bibi huwa hakosi jibu.

Jumatano, 6 Agosti

Nimeamka na jambo kichwani. Bibi hajawahi kumtii mtu. Padri alimkataza ugoro, akahamia benchi la nyuma. Mganga mkuu wa zahanati alimkataza chumvi, akasema huyo ni mtoto wa juzi. Leo ampe Mama Bura ubingwa bure, kwa ushauri wa msichana wa Moshi?

Halafu Polisi. Mbwa wa Buger hanenepi hivihivi.

Nimewasha pikipiki kabla ya kunywa chochote. Nimemkuta jikoni na sahani ya makande. Polisi yuko mlangoni anangoja zamu yake. Nikakaa. Bibi kala vijiko vichache, kashika kifua, kasukuma sahani pembeni. Nikamuuliza tangu lini. Tangu mavuno, kasema. Na usimwambie yule mke mwenzangu.

Nimemwambia.

Safari hii Gladness hakunichamba. Kaitazama ile nukta ya kijani muda mrefu. Kasema namba haikudanganya, sisi ndio tuliikimbilia kwa furaha. Kisha kaandikia wenzake Moshi waongeze swali kwenye kishikwambi: kama siku hizi unapoza chai, ni kwa nini?

Swali hilo ni langu. Naliandika hapa lijulikane.

Ijumaa, 8 Agosti

Hospitali, mjini Karatu. Bibi kaja kwa sababu nilimwambia tunakwenda kununua mbegu. Kanitukana kwa Kiiraqw mbele ya foleni nzima. Nastahili.

Daktari kauliza kama chakula kinakwama. Bibi kasema hakikwami, kinachoma. Daktari kasema basi kidonge cha kipimo kitapita. Kidonge chenyewe kina uzi. Unakimeza, uzi unabaki mdomoni. Tumboni kinafunguka, kinakuwa sponji. Wanaivuta, inapanda na chembechembe za ukuta wa umio.

Bibi: "Mimi si samaki." Kainuka, kachukua kanga yake.

Nikasema natangulia mimi. Mradi unataka pia watu wasio na shida, wa kulinganisha nao. Nilishaweka saini tangu Juni, kwa kujidai. Nimetangaza kwamba kwangu hiki ni kitu kidogo. Kushuka, sawa. Kuvutwa! Machozi, kamasi, nimelia kama mbuzi wa Krismasi. Bibi kacheka mpaka akakaa tena kwenye kiti. Akajifuta macho. "Hebu nipeni hicho. Mwanamume gani huyu niliyeolewa naye."

Kakimeza kwa fundo moja la maji. Walipovuta, kafumba macho tu. Kafumbua. "Mmemaliza?"

Bingwa ni bingwa. Sioni aibu. Naona kidogo.

Jumatatu, 18 Agosti

Majibu bado. Chembe zinapigwa picha hapahapa, picha zinatumwa kwa mtandao. Kompyuta inazipitia na kuzungushia duara zile zenye mashaka, kisha daktari bingwa wa Moshi anaziangalia kwa macho yake. Zamani sampuli ilipanda basi, ikafika, ikangoja zamu. Nimewaeleza wenzangu kijiweni kama profesa. Wameniita Dokta Sponji.

Leo mtandao umekatika tangu asubuhi. Nimeutukana kwa lugha zote mbili.

Naogopa. Kijiweni sisemi. Hapa nasema. Naogopa.

Alhamisi, 21 Agosti

Gladness hakupiga simu. Kaja mwenyewe Buger. Hapo nikajua.

Kuna chembe mbaya. Inatakiwa kamera ya kushushwa kooni, Moshi, upesi. Bibi kasikiliza akiwa anapukuchua mahindi. Kauliza kama kamera nayo ina uzi. Ina mkia, kaambiwa. Kanigeukia: "Na hii utatangulia?"

Nimetoka nje. Nimelia nyuma ya banda la kuku. Polisi kanifuata. Ni yeye tu aliyeniona, na yeye ana deni na mimi kwa makande yote yale aliyoyala kwa siri.

Jumanne, 2 Septemba

Moshi. Doa moja tu, na liko juujuu kwenye ngozi ya ndani, halijazama. Wameliondoa kwa kamera ileile. Hakuna kisu kifuani. Daktari kasema wengi huja wakiwa hawawezi kumeza hata mate. Bibi atakuwa anarudi kuangaliwa. Daktari hakusema amepona. Kasema tumewahi. Nimemwomba arudie. Karudia.

Wameomba picha za Bibi, bila jina, ziungane na nyingine zinazoifundisha kompyuta kutambua ugonjwa. Bibi kaniuliza maana yake. Nikamwambia mashine itajifunza kwako, imsaidie mtu mwingine mapema. Kafikiri. Kaweka dole gumba.

"Sijakanyaga darasa hata siku moja," kasema, "leo nafundisha mashine. Na wewe uliyefika kidato cha pili unamfundisha nani?"

Natafuta.

Jumapili, 28 Septemba

Buger, baada ya misa. Baridi imepungua. Polisi amekonda kidogo na ana kinyongo na mimi.

Sikubeba kipimajoto. Bibi kamimina vikombe viwili, kaviweka juu ya gogo nje ya jiko. Mvuke ukawa unapanda. Sikujua kungoja chai ni kazi ndefu hivi. Tumemaliza habari za mahindi, tumemaliza za Mama Bura, tukabaki tunatazama shamba.

Nikanyoosha mkono. Kanipiga kikofi kidoleni.

"Bado, mume wangu."

Tukangoja.