Pumzi kwa Jina la Odero

Kariandusi, 3 Februari 2025

Kwa dada Nerima,

Salamu nyingi, na Shantel mbusu kwa niaba ya mjomba wake. Hapa tu wazima, ila vumbi. Nakuandikia badala ya kupiga kwa sababu chumba ni kimoja na mumeo Odero husikia kila neno la simu yangu. Kibii, dereva wa lori la udongo mweupe tunaochimba hapa, atakuletea barua akisimama hapo kwako Salgaa kula.

Uliuliza kuhusu kikohozi cha Odero. Wiki jana walikuja watafiti kutoka Nakuru na mashine ya kutafuta TB kwa pumzi. Hakuna sindano. Unapuliza mfuko ujae, wanabandika jina, mashine inanusa. Anayeshukiwa anaitwa kutoa makohozi. Odero hakuitwa. Ni vumbi tu, kama sisi wote. Punguza presha.

Kakako,
Makhanu

Salgaa, 9 Februari 2025

Kwa kaka Makhanu,

Mimi na mtoto hatujambo, shukrani kwa Mungu. Barua yako niliisoma jikoni nikalia, wateja wakadhani ni vitunguu.

Nilikuwa nimemkataza Odero kuja nyumbani mpaka apimwe, mwenyewe wajua mtoto ana mwaka mmoja na nusu. Jumamosi alikuja, nikamwomba msamaha. Alilala mchana kutwa na binti yake kifuani. Kwa neno la mtu mwingine nisingekubali, ila wewe hujawahi kunidanganya.

Dada yako,
Nerima

Salgaa, 20 Aprili 2025

Kaka,

Hujambo kweli? Mbona kimya?

Shantel anakonda. Kwenye kadi ya kliniki mstari wa uzito umeteremka mara mbili, na anakohoa. Daktari aliuliza kama nyumbani kuna mtu mwenye TB. Nikajibu kwa kujigamba kwamba babake alipimwa kwa mashine ya kisasa. Akaandika hapana, akanipa dawa ya minyoo na ya kikohozi. Tuombee.

Dada yako,
Nerima

Kariandusi, 28 Aprili 2025

Nerima,

Sina uso wa kukusalimu. Asubuhi nilikupigia nikasema umrudishe mtoto hospitali, babake hakupimwa. Ulikata simu na kukimbia, na ulifanya vizuri. Sasa nikueleze yaliyobaki.

Siku ile tulitoka shimoni saa ya chakula, weupe kuanzia nyusi mpaka viatu. Hata mimi humtambua Odero kwa mwendo tu. Mikataba ya vibarua ilikuwa inaisha. Akaniambia, "Boss, wakinipata na hii kitu nani ataniandika tena? Wewe uko sawa, nipulizie." Nikapuliza mfuko wangu, nikazunguka nyuma ya foleni. Nesi akauliza, "Wewe ndio Odero?" Nikasema ndiyo.

Huku mtu akichelewa, mwenzake humwitikia jina asubuhi. Tumefanyiana hivyo miaka yote na hakuna aliyeumia. Niliona ni kitu kilekile, tukacheka mpaka chumbani.

Halafu ukaniuliza, nami nikakuandikia uongo kwa mkono wangu. Barua yako ya Februari niliisoma nikajua nimefanya nini, na bado nikanyamaza. Odero alikohoa kando yangu wiki kumi, nami nikageukia ukuta. Ni mimi, dada. Usimlaumu yeye peke yake.

Makhanu

Salgaa, 19 Mei 2025

Makhanu,

Shantel ana TB. Odero pia. Wote wameanza dawa. Mimi nimepimwa, sina. Daktari anasema mtoto atapona, ila mimi ndiye niliyemshika akitolewa maji tumboni kwa mpira wa puani, kwa sababu mtoto hajui kutema makohozi.

Odero amelia mbele yangu. Nimemsikiliza, maana yeye aliogopa kukosa kazi. Wewe uliogopa nini? Ulikuwa na kalamu mkononi.

Usiniandikie.

Mama Shantel

Kariandusi, 2 Agosti 2025

Dada,

Najua umenikataza. Hii moja tu.

Watafiti wamerudi. Nilinawa uso bombani kabla ya kupanga foleni. Nikamwambia nesi kwamba mfuko wa Odero wa Januari ulikuwa na pumzi yangu. Alikaa chini. Akasema mashine bado inafundishwa, na hizo pumzi ndizo masomo yake, tumeifundisha uongo. Akauliza wengine ni wangapi. Wawili kwenye foleni wakainua mkono.

Halafu nikapuliza. Kliniki walinitaka tangu Mei kwa kuwa nililala chumba kimoja na Odero, nikakwepa kwa aibu. Leo wameniita nitoe makohozi.

Sitakanyaga kwako mpaka ijulikane kama ninayo. Shantel akiuliza mjomba yuko wapi, usimwambie niko kazini. Mwambie ukweli, hata kama haelewi.

Kakako,
Makhanu

Salgaa, 6 Agosti 2025

Makhanu,

Shantel ameongeza kilo moja na nusu. Jana alimnyang'anya Kibii chapati.

Majibu yakitoka, usiyaandike wala usiyaseme kwa simu. Njoo na karatasi yenyewe ya hospitali, niisome kwa macho yangu. Chakula utapata. Neno lako bado sijaanza kulipokea.

Dada yako,
Nerima