Ukurasa wa Tatu wa Mkataba wa Pikapu

Ruring'u, Nyeri
Jumapili, baada ya kanisa

Mama mpendwa,

Kuna jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, na ninalitanguliza kabla ya salamu kwa sababu nikianza na salamu nitaogopa na kuishia hapo. Ninamwonea wivu Nyambura. Si wivu wa kutamani viatu vyake. Ni wivu ambao wiki hii umenifanya nidanganye, na kwa uongo huo Baba Mdogo anaweza kupoteza bonasi yake yote ya majani chai.

Sasa nikusalimu. Hujambo, Mama? Goti lako linaendeleaje? Mvua imefika huko Voi, au bado mnanunua maji ya mkokoteni? Mimi ni mzima, ila baridi ya huku hunifanya nivae sweta mbili kwenda shule. Ningekupigia simu, lakini simu ninayoitumia ni ya Mama Mdogo, na nikiongea yeye huwa ameketi papo hapo.

Usifikiri ninateswa. Dada yako ananitunza vizuri. Nyambura naye ananigawia kila kitu, hata kitanda. Lakini kila jioni Baba Mdogo akiingia, kabla hajavua buti za shamba, huita, "Maitu yuko wapi?" Maana yake ni "mama yangu". Huku binti wa kwanza hupewa jina la mama yake baba, kwa hiyo kwake Nyambura ni mtoto na ni mama pia. Mimi huniuliza, "Wakesho, umekula?" Ni swali zuri, lakini hata mgeni huulizwa hivyo. Tangu Baba atuache hakuna mtu mzima aliyeniita kwa sauti ile.

Mwezi huu wakulima wa chai wamelipwa bonasi, ile pesa ya mara moja kwa mwaka. Wauzaji wa magari huijua tarehe yake kuliko wakulima wenyewe, na wamekuwa wakipita na vipaza sauti hadi sokoni Karatina. Baba Mdogo amechoka kukodi pikapu za watu kupeleka kabeji Karatina na Nairobi. Jumatano alitupeleka, Nyambura na mimi, kwenye yadi moja ya magari mjini. Muuzaji anaitwa Muriuki.

"Mzee, punguzo la bei liko," Muriuki alisema. "Riba ya chini iko. Na ukitaka kulipa kidogo kidogo kila mwezi, hiyo pia iko. Ni ya msimu wa bonasi tu. Jumatatu ikiisha, imeenda."

"Zote tatu?"

"Zote ziko, mzee."

Baba Mdogo akampa Nyambura karatasi. "Maitu atanisomea. Kiingereza ya hawa watu ni ya kuficha."

Alhamisi, nyumbani, Nyambura alinitupia karatasi hizo kitandani. "Wakesho, wewe husoma hata gazeti ya kufungia nyama. Nisomee hii, mimi nitamwambia Baba."

"Utamwambia nani amesoma?"

"Ai, si ni hiyo hiyo tu!" Akacheka, akaenda kusukwa nywele.

Nilisoma kila mstari, Mama, na sitajifanya kwamba sikufurahia. Muriuki hakusema uongo. Zote ziko, lakini unachagua moja. Punguzo ni la anayelipa bei yote mara moja. Ukichukua mkopo wa riba ya chini, punguzo linaondoka. Na yale malipo madogo ya kila mwezi, ambayo Baba Mdogo ameyapenda, si ya kununua kabisa. Ni ya kukodi kwa miaka mitatu. Bonasi yote inaingia kama malipo ya mwanzo, halafu miaka ikiisha unarudisha gari au unatoa kitita kingine kikubwa. Ukurasa wa tatu, kwa herufi ndogo, unasema gari lisipite kilomita elfu kumi na tano kwa mwaka, na kila kilomita ya ziada inalipiwa, na kila mkwaruzo pia. Nilipiga hesabu: safari za Nairobi za kila wiki peke yake zinazimaliza kilomita za mwaka mzima. Karatina sijaigusa.

Nyambura aliporudi aliuliza, "Iko sawa?"

Nikasema, "Iko sawa."

Nilitaka siku moja "Maitu" awe amekosea. Ndiyo sababu. Sina nyingine.

Leo nje ya kanisa Baba Mdogo amemshika Nyambura bega mbele ya wazee, akasema, "Huyu ndiye wakili wangu. Amesoma mkataba wote." Nimesimama nyuma yao nikiwa nimeshika Biblia ya Mama Mdogo, na badala ya kuona haya nimetamani Jumatatu ifike haraka. Hapo ndipo nimejiogopa.

Nisalimie Bibi, umwambie dawa ya kifua aliyonipa imenisaidia. Nisalimie Mwadime mdogo wangu, asiguse vitabu vyangu vya sanduku la chini. Na Mjomba Mwakio anayekusaidia dukani.

Mama, nilikuwa nimeishia hapo, lakini nilishindwa kutia jina langu. Niliweka kalamu, nikachukua mkataba juu ya kabati, nikaenda uani. Baba Mdogo alikuwa akitengeneza pampu ya kunyunyizia dawa shambani, na Nyambura alikuwa amemshikia spana. Nikasema, "Baba Mdogo, aliyesoma ni mimi. Na nilisema iko sawa, na haiko sawa."

"Ulijua lini?"

"Alhamisi."

"Na leo kanisani ukaniacha nikisema vile?"

Nikamnyooshea mkataba. Akafuta mikono, akaketi juu ya ndoo. "Soma."

Nikasoma ukurasa wa tatu kwa sauti, na kila sentensi Nyambura akamwelezea kwa Kikuyu, bila kuniangalia. Tulipomaliza, Baba Mdogo alimpigia Muriuki simu akamwambia asimngoje kesho; ataendelea kukodi pikapu za watu hadi bonasi nyingine, aiongeze juu ya hii, anunue ya mkono wa pili iwe yake. Kisha akarudi kwenye pampu. Hakunigombeza.

Nilimwomba Nyambura msamaha. Alisema, "Leo usiniongeleshe." Nikaenda jikoni nikaosha vyombo, ingawa ilikuwa zamu yake, kisha nikarudi kumaliza barua hii.

Binti yako akupendaye,
Wakesho