Saa Iliyogeuza Tarehe Magharibi

Ami Nassor,

Naisoma barua hii kwa sauti sebuleni kwako Kiponda, siku ya arubaini yako. Hitima imekwisha, kahawa haijaletwa. Wenzako wa barazani wamekaa pale pale wanapokaa siku zote, na Bi Zuhura, aliye edani, anasikiliza nyuma ya pazia. Nimewaomba wote wanivumilie, kwa sababu mbele yao ndipo ulipojihukumu, na hukumu ile haikuwa yako.

Tangu uondoke, kabati la saa limefunguliwa. Bi Zuhura amenikabidhi ile ndogo ya dhahabu ikiwa ndani ya leso yako, akasema ndivyo ulivyousia. Niliipokea kwa mikono miwili. Sikuweza kumtazama.

Waliopo wanajua kuwa ulikusanya saa saba za zamani kwa miaka thelathini, lakini hii ndiyo uliyoivaa Ijumaa na Idi. Inaonyesha siku, tarehe, mwezi wa mwaka na mwezi wa angani, na inajua yenyewe kuwa Februari ni fupi na mwaka upi una siku ya ziada. Wenye saa kama hizi ulimwenguni huziacha zigeuze tarehe usiku wa manane. Wewe ulikataa. Uliitia majira yetu, akrabu, ile mishale yake miwili, zikutane juu jua linapozama, tarehe igeuke Magharibi, kwani kwetu siku huanzia hapo. Maalim Haji, huyu aliyekaa hapa, hakuacha kukuchokoza: “Wakili, hata saa ya Uswisi umeisilimisha?” Nawe hujibu bila kucheka, “Imesilimu kwa hiari yake.”

Ulinionya jambo moja tu. Tarehe inapokaribia kugeuka, magurudumu ya ndani huwa yameshikana kwa saa kadhaa, na wakati huo haifai kukibonyeza kitufe kidogo cha ubavuni kinachosogeza tarehe. Nililijua hilo, Ami. Nililijua vizuri.

Ulipolazwa hospitali ulinipa ufunguo wa kabati, ukaniomba niitie saa ile ufunguo kila siku isisimame. Mimi nikaenda harusini Matemwe, nikakaa siku tatu. Niliporudi ilikuwa imesimama. Ilikuwa baada ya alasiri, saa kumi na moja, nawe ulikuwa unatoka hospitali asubuhi yake. Nikaitia ufunguo, nikaziweka akrabu kama unavyoziweka, kisha nikabonyeza kile kitufe ili nizifiche siku zangu tatu. Nilijiambia kuwa usiku wa manane bado uko mbali. Manane ya watu wengine. Yako, ya Magharibi, yalikuwa yamebakiza saa moja.

Kitu kikakatika ndani, kwa sauti ndogo kama ya ukucha unaokatwa. Tarehe ikakwama kumi na tisa.

Niliirudisha kabatini nikafunga.

Siku ya pili uliishika kwa mikono ambayo ugonjwa ulikuwa umeshaitia mtetemeko. Ukaona tarehe imebaki nyuma, ukabonyeza mara moja, haikusogea. Uliniuliza, “Ulipoiona jana ilikuwa nzima?”

Nikakujibu, “Naam, Ami. Ilikuwa nzima.”

Ijumaa ile ukawaambia hawa waliokaa hapa kuwa umeiharibu mwenyewe. Ulisema, “Mikono hii basi tena. Nshazeeka.” Maalim Haji alitaka kufanya mzaha, ukamzuia. Ukalifunga kabati, na saa zote saba zikanyamaza. Miezi minne ulikaa kwenye kiti hiki kila alasiri, mikono umeipakata, ukimwachia mwenzako akumiminie kahawa usije ukaimwaga. Nami nikawa nimekaa ubavuni mwako. Kila siku nilikuja na maneno haya, na kila siku niliondoka nayo. Nilingoja upate nafuu. Kisha nikangoja uwe na furaha, na furaha yako nilikuwa nimekufungia mimi kabatini.

Wiki iliyopita niliipeleka kwa Jitesh, fundi wa saa mtaa wa Hurumzi. Aliifungua, akanionyesha kipande cha chuma chembamba kilichovunjika, akasema, “Hii ilibonyezwa karibu na kugeuka. Mzee asingefanya.” Hakuniuliza zaidi. Amekichonga kipande kipya kwa mkono, na jana amenirudishia saa yako nzima.

Basi na wasikie. Haikuwa mikono yako, Ami. Ilikuwa yangu, ikafuatwa na ulimi wangu. Mikono yako haikuharibu kitu mpaka ulipofunga safari yako ya mwisho.

Siombi radhi yako leo, kwa sababu huna tena njia ya kuninyima, na radhi ya namna hiyo sistahili kuichukua. Naahidi hili: kila alasiri nitalifungua kabati na kuzitia ufunguo zote saba, harusi iwepo au isiwepo, na atakayeniuliza habari ya saa hii nitamweleza yote, pamoja na jina la aliyeivunja. Lala kwa amani, Wakili wangu. Mola akupe nuru huko uliko.

Adhana ya Magharibi imekaribia. Saa iko mezani mbele yetu, na leo itageuka hapa nyumbani kwa mara ya kwanza tangu itengenezwe. Akrabu zinakaribia kukutana juu. Mikono yangu nimeiweka nyuma.

Mtoto wa nduguyo,
Suleiman