Sahani ya Sesilia

Mjukuu wangu Anjela,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Huku Mbaha tupo. Babu yako bado anakohoa, na dagaa wetu wa usipa ziwani ni wa kubahatisha.

Unauliza kwa nini watu wanawaficha wagonjwa wa kifafa mnapopita nyumba kwa nyumba na utafiti wenu. Mimi nilimficha dada yangu Sesilia, miaka ile maduka ya watu binafsi yalipoanza kufunguliwa Mbinga. Tuliamini kifafa kinaambukiza kwa mate, hivyo sahani yake ilikaa peke yake mwisho wa kichanja. Watafiti walipokuja kuandika wagonjwa, mama alimpeleka shambani, nami nikaichanganya sahani yake na zetu, wasije wakauliza ni ya nani. Nikawaambia hatuna mgonjwa.

Dawa zilikwenda kwenye vijiji vilivyoandikisha wagonjwa; chetu hakikuandikisha hata mmoja. Mwaka uliofuata Sesilia alianguka motoni, tukamzika.

Usiwakaripie wanaoficha. Angalia kwanza kichanjani kama kuna sahani iliyotengwa.

Jioni ile aliporudi kutoka shambani, Sesilia aliikuta sahani yake katikati ya zetu. Akaniuliza, "Leo yangu inakaa na zenu?" Nikamwambia ndiyo. Akala huku anacheka. Kesho yake nikairudisha mwisho.

Bibi yako,
Tekla