Begi Ulilolifungua Mwenyewe

Durban, Jumapili ya kwanza ya Juni, mwaka wa ishirini na sita tangu nitoke Uvira

Mpendwa mdogo wangu,

Bado napita pale kwenye roboti, zile taa za barabarani, ambapo polisi wawili walikusimamisha ukitoka kwenye kibanda chetu cha kutengeneza simu. Nilikuwa hatua chache nyuma yako. Hukukimbia, wala hawakuwa wakimtafuta mtu wa sura yako. Mmoja alisema tu, "Wewe, simama." Kabla hajauliza kitu ulishafungua begi, ukicheka na kumwita mkubwa kama tulivyowaita wanajeshi wa kwetu: "Karibu chef, angalia, iko kazi tu humu." Ndani mlikuwa na simu tatu alizotuachia mteja. Kumbe za wizi.

Nilikufundisha mimi. Ulikuwa na miaka tisa, na kwenye vizuizi vya wanajeshi kule kwetu nilikunong'oneza, "Fungua mwenyewe, mapema, na ucheke. Anayengoja kuambiwa anapigwa."

Hakimu alisema katiba ya nchi hii hairuhusu mtu kusimamishwa bila sababu ya maana, akaagiza simu zile zisipokewe kama ushahidi. Tulikula kuku siku ile, nawe ukanitania mimi kaka yako mkubwa, "Yaya, kula pole pole, kuku haijakata rufaa." Upande wa mashtaka ndio uliokata. Majaji walisoma kumbukumbu za kesi, wakamwona mtu aliyefungua begi lake kwa hiari, tena akicheka. Uamuzi ukatenguliwa, simu zikapokewa, ukafungwa, kisha ukarudishwa Uvira.

Nilimwomba wakili wako aniruhusu niwaeleze majaji kicheko kile kilitoka wapi. Akanijibu kwa upole, "Mzee, rufaa inasoma yaliyokwisha kuandikwa. Ungeyasema kule chini, kwa hakimu." Siku ya mashahidi kule chini, nilibaki nyumbani. Kibali changu cha ukimbizi kilikuwa kimepita muda, nikaogopa kuulizwa. Nilikuambia nina homa. Sikuwa na homa.

Juzi uliniuliza kwa simu, "Yaya, unarudia lini huku nyumbani? Nimekutengenezea chumba." Nikasingizia mtandao mbovu. Watu wengine nawaambia magoti yamechoka, na kwamba kaburi la shemeji yako liko huku. Ni kweli, lakini siyo sababu. Siwezi kulala katika chumba ulichonitengenezea wewe, baada ya kukaa kimya siku uliyonihitaji.

Sitarudi.

Yaya wako